Marathoni ya kwanza ya mwinuko: mwongozo kwa mkimbiaji wa Unyambwa

Mwinuko ambao wakimbiaji wa mataifa mengine huufuata kwa ndege, wewe wa Unyambwa umezaliwa nao. Kata hii ya Manispaa ya Singida iko juu ya uwanda wa kati, takribani mita 1,500 kutoka usawa wa bahari. Kila pumzi unayovuta hapa ina oksijeni pungufu kwa karibu sehemu moja kati ya sita ukiilinganisha na pumzi ya mtu aliyesimama Kigamboni. Mwili wako umeshajipanga kwa hali hiyo tangu utoto, bila wewe kuhisi chochote.

Basi mtu akikuambia kwamba marathoni ya njia za vumbi, huko juu hewa ilikopungua, ni ya Wazungu wenye pesa au ya Wakenya wa Iten, usikubali. Alphonce Simbu, aliyeipa Tanzania dhahabu yake ya kwanza ya mashindano ya dunia ya riadha kwa marathoni ya Tokyo tarehe 15 Septemba 2025, ni mzaliwa wa Ikungi, wilaya ya jirani. Siku ile alimaliza kwa saa 2:09:48, muda uleule wa Amanal Petros wa Ujerumani, na kilichowatenganisha ni sehemu tatu za mia za sekunde. Kwa zaidi ya saa mbili Simbu alikaa ndani ya kundi bila papara, akaja kumalizia kazi uwanjani, hatua za mwisho kabisa.

Subira hiyo ndiyo ninayotaka uanze nayo. Mwinuko unakupa damu nzuri, lakini miguu ya kilomita 42 haukupi. Miguu hujengwa kwa kukimbia polepole, miezi mingi, juu ya ardhi inayofanana na utakayoshindania. Wengi huacha mapema kwa sababu walianza kwa kasi ya mbio za shuleni.

Chagua mbio kwanza

Mazoezi yasiyo na tarehe hufa. Kwa mtu wa kwetu anayetaka marathoni ya vumbi na mwinuko, mbio ninazozipendekeza ni za Lewa, nchini Kenya, katika hifadhi ya wanyamapori iliyo kaskazini mwa Mlima Kenya. Zilianza mwaka 2000, hufanyika mwishoni mwa Juni, na njia yake ni ya udongo, mwinuko wa kama mita 1,700. Tofauti na Singida ni mita mia mbili hivi tu, kwa hiyo hewa ya kule haitakushangaza. Jua litakushangaza zaidi, kwa kuwa kivuli ni haba, pamoja na vilima vifupi visivyokwisha. Walinzi wa hifadhi hulinda njia ili wanyama wasiikaribie.

Kabla ya hapo jipime Moshi. Kilimanjaro Marathon, iliyoanza mwaka 2003, hukimbiwa mwishoni mwa Februari au mwanzoni mwa Machi, nayo ina mbio za kilomita 21. Ni lami, na Moshi iko chini kuliko Singida, lakini ule mpando wa kuelekea Mweka utakufundisha kupanda huku umechoka. Kati ya Moshi na Lewa kuna karibu miezi minne. Muda huo unatosha kwa mtu aliyekwisha kukimbia nusu bila kuumia. Asiyewahi kukimbia kabisa ajipe mwaka mzima.

Kapime damu

Hili watu hulipuuza, nami naliweka mbele ya viatu. Kinachobeba oksijeni ni hemoglobini iliyomo ndani ya chembe nyekundu za damu. Malaria huzivunja chembe hizo. Minyoo ya safura hunyonya damu kimyakimya. Mwanamke hupoteza madini ya chuma kila mwezi. Mtu anaweza kuishi Unyambwa maisha yake yote, juu kabisa ya mwinuko, na bado akawa na damu hafifu kuliko ya mtu wa Tanga. Nenda kituo cha afya, omba kipimo cha wingi wa damu, pima na malaria, na choo kipimwe minyoo. Mwanaume mwenye chini ya gramu 13 kwa desilita, au mwanamke asiye mjamzito mwenye chini ya 12, ana upungufu wa damu. Kwenye mwinuko kipimo hicho husomwa kwa ukali zaidi, maana mwili wenye afya huku juu hutakiwa kuwa na damu nyingi kidogo. Atibiwe kwanza, akimbie baadaye. Vidonge vya madini ya chuma usivimeze kwa kubahatisha, maana yakizidi nayo ni sumu.

Chakula cha kujenga damu kipo hapahapa: maharage, majani ya kunde, mchicha, dagaa, maini inapowezekana. Kunywa na ubuyu au kamulia limau, kwa sababu vitamini C husaidia chuma cha mbogamboga kuingia mwilini. Chai ya rangi isogeze mbali na mlo, saa moja au zaidi, kwani huzuia chuma hicho kisifyonzwe.

Mwendo wa shikamoo

Huna haja ya saa ya kupima mapigo ya moyo. Njia za Unyambwa zina watu: mzee anayekwenda shambani, mama mwenye ndoo, kijana na ng'ombe wake. Adabu inakudai salamu, nayo salamu itakuwa kipimo chako. Mwamkie mzee shikamoo. Akiitika marahaba, akakuuliza habari za nyumbani, nawe ukajibu sentensi nzima bila kuikata ili kuvuta pumzi, uko kwenye mwendo sahihi. Ukijibu kwa kuinua mkono tu kwa sababu kifua kimejaa, umezidisha. Punguza, hata ikibidi utembee.

Kwa huo mwendo fanya sehemu kubwa ya mazoezi yako, tuseme siku tatu kati ya nne. Utaona aibu mwanzoni, hasa vijana wa bodaboda wakikucheka. Vumilia. Ukikimbia polepole kwa muda mrefu, mwili huongeza mishipa midogo ya damu ndani ya misuli, hujifunza kutumia mafuta yake kama nishati, na moyo hupata uwezo wa kusukuma damu nyingi kwa pigo moja. Kano na mifupa huchelewa sana kuliko mapafu. Mapafu yatakuambia uko tayari baada ya wiki chache, goti nalo litakanusha. Lisikilize goti.

Siku nne kwa wiki zinatosha. Mbili ziwe fupi za dakika 40 hadi saa moja, moja ya vilima, na moja ndefu. Ile ndefu ndiyo roho ya maandalizi. Anza na kilomita 10, ongeza moja au mbili kila wiki, na kila wiki ya nne ipunguze ili mwili upumue. Kufikia katikati ya Mei uwe umefika kilomita 30, au saa nne za kuwa miguuni, chochote kitakachotangulia. Usifanye zaidi ya hapo. Wiki tatu za mwisho shusha: kwanza theluthi moja, kisha nusu, kisha kimbia kidogo tu kuukumbusha mwili. Katika wiki hizo utajisikia mzito na utashawishika kuongeza. Usiongeze.

Jembe nalo ni zoezi

Miongozo mingi ya mbio imeandikiwa watu wa ofisini. Kwetu mvua huanza mwishoni mwa Novemba na kukoma Aprili, na mkulima wa alizeti au mtama hana wiki anayoweza kuitoa yote kwa mbio. Palizi ya saa tano ni mzigo kwa mgongo, mapaja na moyo. Ihesabu kama zoezi. Siku ya palizi usiweke mbio ndefu, na siku ya mbio ndefu usiahidi kibarua cha mtu. Mbio ndefu iwe siku unayopumzika shamba, iwe Jumapili baada ya ibada au siku nyingine ya nyumbani kwako, na siku inayofuata iwe ya kazi nyepesi.

Mavuno yanakuja Mei na Juni, wakati uleule unaotakiwa kupunguza mazoezi. Kubeba magunia wiki moja kabla ya Lewa kutakuharibia kazi ya miezi sita. Zungumza na familia mapema, katika Januari, wala usisubiri siku gunia linapokungoja mlangoni. Mkeo au mumeo akikubali tarehe, nusu ya vita imekwisha.

Kushuka kunaumiza kuliko kupanda

Mkimbiaji mgeni huogopa mpando, naye mteremko ndio unaommaliza. Unapopanda, moyo unahangaika lakini misuli haijeruhiwi sana. Unaposhuka, misuli ya mapaja hufanya kazi ya breki: inavutwa ikiwa imekaza, na nyuzi zake ndogo huchanika. Maumivu huja kesho yake na kufikia kilele siku ya pili. Kwenye marathoni yenye vilima, mtu ambaye hakufanya mazoezi ya kushuka huanza kutetemeka mapaja kilomita ya 28 na kuendelea, hata kama pumzi bado ipo.

Dawa yake ni kushuka mara kwa mara. Misuli ikishajeruhiwa kidogo mara moja, hujikinga kwa wiki kadhaa zinazofuata. Singida ina miamba na vilima vya kutosha kuzunguka mji. Tafuta mteremko wa udongo wa mita 300 au 400, panda ukitembea, shuka ukikimbia kwa hatua fupi za haraka, magoti yamelegea, macho yakitazama mita chache mbele. Anza na mara nne, fika nane au kumi. Fanya hivyo kila baada ya wiki moja au mbili, na mara ya mwisho iwe wiki tatu kabla ya mbio. Usiende Sekenke kwa ajili hii. Mteremko ule ni mzuri kutazama, lakini ni barabara ya malori, na lori lililoshindwa breki halimwoni mkimbiaji.

Anayetaka kuonja mwinuko wa kweli aende Hanang. Kutoka Singida unapanda basi la njia ya Babati na kushuka Katesh, ambako mlima wa mita 3,417 umekuinamia. Huko juu oksijeni ya kila pumzi imepungua kwa karibu theluthi moja. Nenda kwa miguu, si kwa kukimbia, ukiwa na kibali na mwongozaji, wakati wa kiangazi. Tarehe 3 Desemba 2023, baada ya mvua kubwa, tope na mawe vilishuka kutoka mlima huo hadi Katesh na vijiji vya jirani, na watu zaidi ya 80 walikufa. Mlima wakati wa mvua si uwanja wa mazoezi. Na ukipita mita 2,500, kichwa kikiuma, ukahisi kichefuchefu au ukaanza kuyumba, shuka. Usimeze dawa ya maumivu ili uendelee kupanda. Kushuka ndiyo tiba.

Mbigili, fisi na upepo

Viatu kwa kifupi: raba za mitumba zinatosha ikiwa soli ina meno, haijapinda upande mmoja, na mbele ya kidole gumba kuna nafasi ya upana wa kidole, kwa sababu miguu huvimba baada ya saa tatu. Zikague soli kwa mkono kabla ya kununua. Mbigili na miiba ya migunga hupenya soli nyembamba, kwa hiyo ukisikia kitu kimechoma, simama ukitoe palepale. Paka mafuta ya mgando kwenye vidole, kwapani na mapajani kabla ya mbio ndefu. Usivae kitu kipya siku ya mashindano, hata soksi.

Alfajiri ndiyo saa nzuri ya kukimbia, lakini kukiwa bado na giza, Singida si salama kwa mtu mmoja. Kuna fisi, kuna mbwa wasiofungwa, na kwa dada zetu kuna hatari nyingine ambayo haihitaji kutajwa. Subirini kupambazuke, mwende wawili au watatu, na mtu wa nyumbani ajue mmepita njia gani. Binti anayekimbia na wenzake watatu kila Jumamosi, kijiji humzoea baada ya mwezi mmoja na maneno hupungua.

Upepo wa Singida mnaujua. Kuanzia Juni unavuma kwa nguvu na baridi ya asubuhi. Anza mbio zako ukiukabili, rudi ukiwa nao mgongoni. Ukifanya kinyume utafika mbali ukiwa na jasho, kisha urudi ukipigwa na baridi huku umechoka. Na vaa kofia, kwani kwenye mwinuko jua huchoma zaidi hata hewa ikiwa ya baridi.

Kula njiani

Mwili una akiba ya wanga ya kutosha saa mbili hivi za mbio. Marathoni ya vumbi itakuchukua nne hadi sita. Kwa hiyo kula ukiwa njiani si anasa. Lenga gramu 30 hadi 60 za wanga kwa saa, kuanzia nusu saa ya kwanza, kabla njaa haijaja. Hapa Singida tuna bahati ya asali. Kijiko kimoja kikubwa kina karibu gramu 17 za sukari, hivyo vijiko viwili hadi vitatu kwa saa vinatosha. Itie kwenye kichupa kidogo safi, ichanganye na maji kidogo na chembe za chumvi. Ndizi mbivu moja ina kama gramu 25. Wengine huchemsha viazi vitamu na kuvikata vipande. Chochote utakachochagua, kijaribu kwenye mbio ndefu za nyumbani, maana tumbo nalo hufundishwa.

Asubuhi ya mbio, saa tatu kabla ya kuanza, kunywa uji mwepesi wa uwele au mtama. Maharage yaache siku hiyo, na mboga nyingi pia. Maji kunywa kwa kiu. Kunywa kupita kiasi bila chumvi huzimua damu na kunaweza kuua, na waliopatwa na hilo mara nyingi ni wakimbiaji wa polepole wanaosimama kila kituo. Kwa mbio ndefu za joto, lita moja ya maji safi yaliyotiwa vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi ni kinywaji kizuri na cha bei nafuu.

Anayetoka pwani

Una ndugu Dar es Salaam au Zanzibar anayetaka kukimbia nawe? Mwambie ukweli. Siku za kwanza mwinukoni mapigo ya moyo hupanda, usingizi huwa mwepesi, na mwili hutoa maji mengi kwa mkojo. Homoni ya kutengeneza damu huanza kuongezeka mapema, lakini chembe mpya za kutosha huhitaji wiki tatu au nne. Aje mapema, akae kwako wiki mbili angalau, na mwendo wake aupange upya kwa kipimo cha shikamoo badala ya saa ya mkononi.

Ushahidi upo kwenye Olimpiki ya Mexico City ya mwaka 1968, mji ulio mita 2,240. Naftali Temu wa Kenya alishinda mita 10,000 kwa dakika 29:27.4, wakati rekodi ya dunia ilikuwa 27:39.4. Kwenye mbio hizo kila mtu alikimbia polepole. Kwenye marathoni ya Olimpiki hiyohiyo, John Stephen Akhwari wetu, mtu wa Mbulu, alibanwa na misuli, akaanguka, akaumia goti, na akamaliza kwa saa 3:25:27, zaidi ya saa moja baada ya mshindi Mamo Wolde wa Ethiopia. Tunamsifu kwa ushujaa, na anastahili. Lakini mkimbiaji asome na somo la pili: hata mtoto wa nyanda za juu anaweza kuelemewa akipelekwa juu zaidi ya alikozoea.

Siku yenyewe

Kule Lewa, marathoni kamili ni mizunguko miwili ya njia moja. Maana yake, ukimaliza kilomita 21 utapita pale ambapo wa nusu marathoni wanavishwa medali na kunywa soda. Jiandae kwa dakika hiyo kuliko unavyojiandaa kwa kilima chochote. Kubaliana na nafsi yako mapema kwamba pale husimami, hata kuongea na mtu. Chukua maji, tembea ukinywa, endelea.

Mzunguko wa kwanza ukimbie kana kwamba unachelewa kwa makusudi. Kila mpando mkali tembea kuanzia mwanzo, usingoje hadi ulazimike. Kama nusu marathoni ya lami unaimaliza kwa saa mbili, usiitarajie Lewa chini ya saa nne na dakika 45, na saa tano ni muda wa heshima. Ukihisi kizunguzungu kisichoisha, ukaacha kutoa jasho kwenye jua kali, au kifua kikauma, nenda kwa wahudumu wa afya walio karibu. Kuacha mbio ukiwa mzima kunakuachia mwaka ujao.

Jisajili mapema na uulize gharama kabla ya kuanza kuchangisha, kwani mbio hizi hukusanya fedha za uhifadhi na ada yake si ndogo. Safari ni Singida, Babati, Arusha, Namanga, Nairobi, kisha kaskazini kuelekea Isiolo. Pasipoti ishughulikie miezi kadhaa kabla.

Na kama fedha haikupatikana, kilomita 42 zipo Unyambwa. Kusanyeni watu sita au saba waliofanya mazoezi haya, tafuteni mzunguko wa kilomita 10.5 za njia ya udongo, upimeni kwa baiskeli au simu, mkimbie mara nne asubuhi ya Juni. Toeni taarifa kwa mtendaji wa kata na kwa kituo cha afya wiki moja kabla, wekeni maji na asali penye mwanzo wa mzunguko, na muwe na bodaboda moja ya kumchukua atakayezidiwa.